Al Qabil, Nasaba Zetu na Maradhi ya Presha ya Jicho



Ukitoka Maskati kwa njia ya Sur, ukishaupita mji wa Ibra na kabla hujafika Bidiya kwenye mwanzo wa jangwa la mchanga, utaipita wilaya ya Al Qabil. Kwa msafiri mwenye haraka hapo hapana kikubwa: mitende, majumba ya zamani ya udongo, vilima vyeusi na kibao cha barabarani. Lakini kwa wengi wetu tunaosema Kiswahili, jina hilo tulilisikia kabla hatujajua kusoma. Wazee wetu walilitaja Unguja na Pemba, Pangani na Tabora, kila walipotaka kutuambia tulikotoka. Al Qabil na jirani yake Mudhairib ni makao ya watu wa kabila la Al Harthy na jamaa zao, ambao majahazi yaliwavusha bahari kizazi baada ya kizazi. Huko ndiko alikotoka Sheikh Isa bin Saleh al Harthy, aliyetia saini Mkataba wa Seeb mwaka 1920 kwa upande wa Imamu.

Katika makala haya hatukukusudia kuirudia historia ya masheikh na masultani. Wapo walioiandika vizuri kuliko sisi, ambao kazi yetu ni uhandisi wa maji. Tunataka kuzungumzia historia ya macho katika mji huu na katika ukoo wetu, kwani imetugharimu, na tunaamini inawagharimu wengine bila ya wao kujua.

Tuanze na mtu ambaye kila mwenyeji wa Al Qabil anamjua. Sheikh Nur al-Din Abdullah bin Humaid al-Salimi alizaliwa upande wa Rustaq katika nusu ya pili ya karne ya 19, na akiwa bado mtoto alipofuka macho. Hakuacha kusoma. Alihifadhi kwa kusikia, akahamia Sharqiyah kwa Sheikh Saleh bin Ali al Harthy, baba yake Sheikh Isa, akaweka makao Al Qabil na akasomesha hapo. Vitabu vyake alivitunga kwa kutamka, na wanafunzi wakiandika. Historia yake ya Oman, Tuhfat al-A'yan, inategemewa na wanavyuoni mpaka leo. Mwaka 1913 alikuwa mstari wa mbele katika kumsimamisha Imamu Salim bin Rashid al-Kharusi. Mwaka uliofuata alifariki. Husimuliwa kwamba alikuwa safarini amepanda mnyama, tawi la mwembe likamgonga, akaanguka.

Upofu wa Sheikh ulikuwa wa utotoni na hatumtaji ili tumtafutie maradhi. Tumemtaja kwa sababu mji uliomlea mtu kama yeye ulijifunza kumheshimu asiyeona. Mpaka leo mzee akianza kupapasa ukuta, anapewa kijana wa kumshika mkono, na kwenye sabla anawekwa mahala pake pa heshima. Hiyo ni tabia njema, wala hatutaki iondoke. Lakini pamoja nayo tulijifunza jambo la pili, la kutouliza kwa nini mzee haoni. Tukasema ni uzee, tukasema Mungu amependa, tukanyamaza.

Zamani kunyamaza kulikuwa na sababu yake. Kabla ya mwaka 1970 nchi nzima ya Oman ilikuwa na kilomita chache tu za barabara ya lami, na mgonjwa wa Sharqiyah aliyetaka daktari ilimbidi asafiri kwa ngamia au kwa gari la mizigo mpaka hospitali ya wamishionari wa Kimarekani iliyokuwa Matrah, ambako Dk. Wells Thoms alifanya kazi tangu 1939. Vumbi, nzi na uchache wa maji vilieneza trakoma, ugonjwa ambao Tanzania Bara wanauita vikope. Kope zilijikunja kwa ndani, zikakwaruza jicho mpaka likafunga ukungu. Kila mtu aliuona ugonjwa huo usoni mwa jirani yake. Baadaye zilikuja hospitali, barabara na maji ya bomba, na timu za afya zikaingia vijijini na maskulini. Mwaka 2012 Oman ikawa nchi ya kwanza kuthibitishwa na Shirika la Afya Duniani kwamba imeiondoa trakoma kama tatizo la afya ya jamii. Na mtoto wa jicho, ambaye zamani alimkalisha mzee ndani mpaka kufa, leo anatolewa kwa upasuaji mfupi na mgonjwa akarudi nyumbani siku ile ile.

Basi yale maradhi mawili yaliyoonekana wazi tumeyaweza. Limebaki moja ambalo halionekani.

Jina lake la kitaalamu ni glakoma. Waswahili wengi husema presha ya jicho. Waarabu huliita maji ya buluu, na mtoto wa jicho humwita maji meupe, na majina haya mawili yamewaponza watu wengi. Mzee akiambiwa ana "maji" jichoni, hudhani ni yale yale anayoyajua, yale ambayo zamani watu waliambiwa wayasubiri yakomae ndipo yatolewe. Kwa mtoto wa jicho, aliyesubiri mwaka mmoja hakupoteza kitu kisichorudi. Kwa glakoma, kilichopotea katika mwaka huo hakirudi tena.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa ami yetu. Alikuwa mkubwa wa nyumba yetu Al Qabil, naye alikuwa amekaa Unguja na Bara miaka mingi ya ujana wake kabla ya kurudi. Alasiri akitembea kando ya falaji kwenda msikitini, alianza kugongwa na makuti ya mitende midogo. Kwenye sabla, finjani ya kahawa ikiletwa kutoka ubavuni hakuiona mpaka mletaji aseme. Watu walicheka kidogo, naye akacheka nao. Alisoma msahafu wake vizuri, maandishi yakiwa mbele ya uso, kwa hiyo nani angesema ana ugonjwa wa macho? Sisi tuliokuwa na shahada kutoka Uingereza tulikaa naye kila Idi, tukamwona akimwaga kahawa, tukasema ni uzee.

Alipopelekwa hospitali, jicho moja lilikuwa limekwisha na la pili lilibakiwa na tundu la kutazamia, mfano wa mtu anayechungulia kwa bomba. Daktari alieleza kwa upole kwamba dawa itakilinda kilichobaki, lakini kilichokwenda kimekwenda. Kisha akauliza swali ambalo hatukulitegemea: "Ana ndugu wangapi, na watoto wangapi?"

Kabla hatujafika kwenye swali hilo, tueleze ugonjwa wenyewe, na kwa sisi watu wa mabomba maelezo yake si magumu. Ndani ya jicho, sehemu ya mbele, mna maji safi ambayo si machozi. Yanatengenezwa nyuma ya lile duara lenye rangi, yanapita katika tundu la mboni, halafu yanatokea pembeni, pale duara hilo linapokutana na kioo cha mbele cha jicho. Hapo pana kichujio chembamba sana. Ni mfano wa falaji: maji yanaingia, yanazunguka bustani, yanatoka. Kichujio kikianza kuziba taratibu, chemchemi haipunguzi, na presha ndani inapanda. Mahala dhaifu ni nyuma, pale mshipa wa fahamu unapotoka kwenda kwenye ubongo. Mshipa huo una nyuzi zaidi ya milioni moja, na zinakufa moja moja bila maumivu. Zinazokwenda mwanzo huwa ni zile zinazoona pembeni, na ubongo huziba pengo kwa kubuni picha, ndiyo maana mgonjwa haoni kiza. Anaona dunia nzima, isipokuwa ile finjani.

Presha ya kawaida ya jicho ni kati ya 10 na 21 kwa kipimo cha milimita za zebaki. Lakini wapo wanaougua na presha yao iko chini ya hapo, na wapo ambao imezidi na hawaugui. Kwa hiyo kupima presha peke yake hakutoshi. Daktari lazima autazame mshipa wenyewe na apime upana wa kuona. Tena tusichanganye: presha ya jicho si presha ya damu. Mtu anaweza kuwa na moja asiwe na nyingine, na vidonge vya presha ya damu haviwi dawa ya glakoma.

Iko pia aina ya ghafla, pale duara la rangi linapoufunika mlango wa maji kwa mara moja. Jicho linakuwa jekundu na gumu, linauma mpaka kichwa, taa zinaonekana zina mapete ya rangi, na mtu hutapika. Wengine hutibiwa tumbo, na jicho likafa. Hiyo haingoji asubuhi, ni hospitali saa ile ile.

Wanadamu walichelewa sana kuujua ugonjwa huu. Waganga wa Kiyunani walikuwa na neno lenye asili ya jina hili, lakini walilitumia kwa upofu wa aina nyingi. Mwaka 1830 William Mackenzie wa Glasgow alieleza vizuri kwamba jicho lenye glakoma huwa gumu likibonyezwa. Mwaka 1851 Hermann von Helmholtz akatoa chombo cha kutazamia ndani ya jicho, na kwa mara ya kwanza madaktari wakauona mshipa wa fahamu wa mtu aliye hai ukiwa umebonyea kama kikombe. Mwaka 1857 Albrecht von Graefe wa Berlin akaonyesha kwamba kukata kipande kidogo cha duara la rangi kunaiponya ile glakoma ya ghafla.

Ama dawa ya kwanza ya matone ilitoka kwetu Afrika. Upande wa Calabar, Nigeria ya leo, iko harage yenye sumu ambayo watu wa huko walimlisha mtuhumiwa ili kujua kama ana hatia. Mbegu zake zilifika Edinburgh, na katika miaka ya 1860 Thomas Fraser akagundua kwamba sumu yake huifinya mboni ya jicho. Mwaka 1876 Ludwig Laqueur akaitumia kushusha presha ya jicho. Laqueur alikuwa daktari wa macho, naye mwenyewe alikuwa mgonjwa wa glakoma. Tunapenda kuikumbuka habari hii kila tunapoona ndugu zetu wanaona haya kusema kwamba wana ugonjwa huu.

Sasa turudi kwenye swali la daktari. Glakoma haimpati kila mtu kwa kiasi sawa. Umri ni sababu ya kwanza, na hatari huongezeka baada ya miaka 40. Asili ni ya pili: uchunguzi uliofanywa Baltimore, Marekani, na kutolewa mwaka 1991 ulionyesha kwamba watu weusi walikuwa na glakoma ya kawaida mara nne kuliko weupe. Kwetu Afrika Mashariki, uchunguzi wa Kongwa, Tanzania, uliotolewa mwaka 2000 ulikuta kiasi cha watu 4 katika kila 100 wenye umri wa miaka 40 na zaidi wanayo. Wengi wetu wa Al Qabil tuna bibi wa Pwani au wa Bara, na hilo ni jambo la kulisema wazi mbele ya daktari, si la kulificha. Kadhalika wako hatarini wenye kisukari, wasioona mbali bila miwani, waliopigwa jicho, na wenye kioo chembamba cha mbele ya jicho. Wanaoona karibu kwa shida, hasa wanawake, huwa karibu zaidi na ile aina ya ghafla.

Tena iko sababu tunayoinunua wenyewe dukani, nayo ni matone yenye steroidi. Watoto wetu wa Sharqiyah hupata muwasho wa macho kwa vumbi na joto, mzazi hununua matone ya kuondoa wekundu, yakamfaa siku tatu, akaendelea nayo miezi bila daktari kujua. Dawa hizo zinaweza kuipandisha presha ya jicho kimya kimya, hata kwa mtoto. Na mtoto mchanga mwenye macho makubwa kupita kiasi, yanayotoa machozi na kuogopa mwanga, msimsifie uzuri wa macho. Apelekwe kwa daktari, kwani iko glakoma ya kuzaliwa nayo. Katika nchi za Ghuba, ambako watoto wa ami huoana sana, aina hiyo inajulikana vizuri, na tangu miaka ya 1990 wataalamu wameijua jini inayohusika zaidi.

Lakini sababu kubwa, baada ya umri, ni damu. Uchunguzi wa Rotterdam, Uholanzi, uliotolewa mwaka 1998 ulikuta kwamba ndugu na watoto wa wagonjwa wana hatari ya kuipata glakoma maishani ya kiasi cha 22 katika 100. Ndugu na watoto wa wasio wagonjwa hatari yao ilikuwa kama 2 tu.

Daktari alipouliza, tulijibu upesi. Katika watu wa Al Qabil hakuna asiyeijua nasaba yake. Tukamhesabia ndugu za ami na wanawe wa kiume. Mwaka ule ule tukajipanga sote kwenda kupimwa. Sisi tulikutwa salama. Kaka yetu anayekaa Uingereza alikutwa nayo, na jicho lake lilikuwa bado zima. Huko England mwenye miaka 40 na zaidi, ikiwa mzazi, ndugu au mtoto wake ana glakoma, hupimwa macho bure, na Scotland ni bure kwa wote tangu 2006. Kaka hakuwa akilijua hilo. Leo, miaka mingi baadaye, anatia matone yake kila usiku na bado anaendesha gari.

Hatukumhesabu mtu mmoja. Ami yetu alikuwa na binti Tanzania, aliyemzaa huko na kumwacha na mama yake aliporudi Oman. Tulimjua. Tulipelekeana salamu, na harusi zikitokea tulitumiana zawadi. Lakini katika nasaba tuliyomsomea daktari hakuwamo, kwani nasaba tuliyofundishwa ni ya mwanamume kwa mwanamume, na ya upande mmoja wa bahari. Hakuna aliyekusudia kumwonea. Hakuna hata aliyekumbuka kumpigia simu. Kila mmoja alidhani mwengine amekwisha kumwambia.

Alijitokeza mwenyewe baada ya miaka, pale jicho lake la kushoto lilipokuwa halina tena faida. Alipoambiwa kwamba baba yake alikuwa na ugonjwa huo huo, alituuliza tangu lini tunajua. Tulimtajia mwaka. Hakutulaumu, wala hakusema neno jengine juu ya hilo. Jicho la kulia linatibiwa kwa leza, na mpaka tunapoandika haya linaona. Leza hiyo imejaribiwa huko huko Afrika Mashariki: katika hospitali ya KCMC, Moshi, uchunguzi uliotolewa mwaka 2021 ulionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja ilifaulu katika macho 61 kwa kila 100, na matone ya timololi katika macho 31. Ni tiba ya dakika chache, nayo haimtegemei mgonjwa kukumbuka chupa kila siku.

Tumeyaandika haya, kaka na binti ami wakiwa wameridhia, kwa sababu tunajua majumba mengi yako kama letu. Mwaka 1964 na miaka iliyofuata familia zetu zilitawanyika. Wengine walikwenda Dubai, wengine Uingereza, wengine Kanada, na wengine walibaki walipozaliwa. Kila tawi lina habari zake, na habari za macho hazivuki bahari.

Ushauri wetu ni mfupi. Ukifika miaka 40 kapime macho hata kama unaona vizuri, na mapema zaidi ikiwa nyumbani mna mgonjwa. Ukipewa matone usiyaache kwa kuwa huoni tofauti yoyote, maana kazi yake ni kulinda, si kurudisha. Kama una pumu mwambie daktari kabla, kwani timololi inaweza kumdhuru mwenye pumu. Na ukiambiwa una glakoma, wapigie simu ndugu zako wote wa kuzaliwa na wanao wote, wa kike na wa kiume, wa nyumba hii na ile, kabla ya usiku huo kuingia.

Msimu uliopita tulikuwa Al Qabil, tukatoa lile karatasi kubwa la nasaba ambalo baba yetu alilinakili kwa mkono. Tumeanza kuwaongeza mabibi na mabinti, na walio ng'ambo, na mbele ya jina la kila aliyepoteza uoni tunaandika umri wake na lililokuwa likisemwa juu yake. Kwa ami tumeandika: alikuwa haoni finjani. Jina la binti yake liko chini ya jina lake.